Maji ya Sandarusi

Mbuzi wa kwanza alikufa mwezi ambao visima vya mtaa wetu vilianza kutoa tope, na sikumjali. Mume wangu alikuwa mchinjaji, na katika nyumba ya mchinjaji mbuzi kufa si habari.

Nieleze kwanza kazi yake, maana bila hiyo yaliyofuata hayaeleweki. Bagamoyo ya wakati ule, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao, mtu akiona mnyama wake amezidiwa hakungoja. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, haliwi. Akichinjwa kwa jina la Mungu angali hai, analiwa, hata kama alikuwa amebakiza pumzi chache tu. Kwa hiyo mwenye mali alipoona jicho la mbuzi linageuka alituma mtu mbio kwa mume wangu, naye akatoka na kisu chake mbio vile vile. Alikuwa hodari wa kuwahi. Watu walimsifu kwa hilo miaka mingi, na sifa hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumgeukia. Ujira wake ulikuwa ngozi, kichwa na matumbo. Ngozi alizitengeneza mwenyewe uani. Matumbo niliyasafisha mimi.

Katika kuyasafisha ndipo nilipoona jambo la kwanza. Tumbo la mbuzi mzima, hata ukilimwagia maji ya moto, lazima ulikwangue kwa kisu mpaka mkono uchoke ndipo utando wa ndani utoke. Tumbo la mbuzi yule lilichunika lenyewe kwa vidole, kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini ya utando palikuwa pekundu. Tena maji niliyoyaoshea yalikuwa yanateleza. Niliyasugua katikati ya vidole, nikayasugua tena.

"Huyu alikula nini?" nilimwuliza mume wangu.

"Alikula majani, kama mbuzi wote."

"Njoo ushike maji haya."

"Mke wangu, safisha. Jua linakuchwa."

Nikasafisha. Lakini tumbo lile sikulipika. Nililifukia nyuma ya choo, na mume wangu alipouliza mchuzi uko wapi, nikamwambia paka kalichukua.

Akafuata mbuzi wa nyumba ya pili kutoka kwetu, jike lenye maziwa. Akafuata mwingine wa upande wa msikitini. Wote walianza namna moja: povu mdomoni, midomo imebabuka, mnyama ananyoosha shingo kama anayetaka kumeza kitu kisichoteremka. Kisha magoti yanakunjika. Na kila mara mume wangu aliwahi.

Beberu mkubwa wa jirani yetu ndiye aliyefanya watu waanze kusema. Jirani huyu tulikuwa naye ukuta kwa ukuta, mjane wa makamo, mwenye kundi la mbuzi kubwa kuliko yote mtaani na ulimi mrefu kuliko kundi lake. Siku hiyo alikuwa na wageni kutoka Pangani, ndugu wa marehemu mumewe, na beberu yule alianguka wageni wakiwa barazani. Nilisikia kelele juu ya ukuta.

"Mchinjaji! Njoo, njoo upesi, baba! Atatufia!"

Mume wangu alitoka. Mimi nilibaki kwangu, kwa hiyo sikuona, na nimejutia mara nyingi kwamba sikuona. Nilichosikia ni sauti ya jirani ikisema, "Yu hai, yu hai, mchinje tu," kisha kimya, kisha sauti ya mume wangu ikitaja jina la Mungu. Jioni sahani ya pilau ililetwa kwetu. Mume wangu alinawa mikono, akakaa, akaitazama sahani, akasema hana njaa.

Asubuhi yake kisimani tulikuwa wanawake wengi, kwa kuwa maji yalikuwa machache na kila mmoja alingoja ndoo yake ijae polepole. Jirani alinikaribisha kwa kicheko.

"Shoga, mumeo keshaamka? Mbuzi wangu mmoja amepiga chafya alfajiri. Nilidhani nitamkuta mlangoni na kisu."

Wakacheka.

"Akipiga chafya mwambie ashukuru Mungu," nilijibu, na wakacheka tena, lakini mara hii kicheko kilikuwa kifupi.

Mwenye lile jike la maziwa hakucheka. "Hayo si ya utani," alisema. "Mimi mbuzi wangu alikuwa hajaanguka hata chini, mumeo keshafika."

"Ulimtuma kijakazi wako kumwita."

"Nilimtuma, ndiyo. Ila hakumkuta kwako. Alimkuta njiani, anakuja."

"Anatoka wapi?" aliuliza jirani, akinitazama mimi.

Nilijaza ndoo yangu nusu nikaondoka, maana swali lile lilikuwa langu pia. Mume wangu hakuwa mtu wa kutembea. Alitoka kwenda kuchinja, kuswali, au kuuza ngozi kwa watu wa misafara, na baada ya hapo alikaa uani. Nilipomwuliza siku ile alikuwa wapi, alisema alikwenda kunyoosha miguu.

Nikaanza kumwangalia mume wangu kama watu wengine walivyokuwa wakimwangalia.

Niliona kwanza kwamba ngozi zake zilikuwa zinatoka manyoya upesi. Zamani alizifukia kwenye majivu na kungoja, na harufu yake ilituudhi nyumba nzima. Sasa zilikaa muda mfupi tu, na manyoya yakatoka kwa kupanguswa. Nikatafuta. Nyuma ya kuni, nikakuta mtungi mdogo uliozibwa kwa kumbi la nazi na kufunikwa kwa kifuu. Nilifungua nikatia kidole. Maji yaliteleza. Yaliteleza vile vile kama maji ya lile tumbo, na baada ya muda kidole kikaanza kuwaka moto.

Nilikaa chini karibu na kuni zile, nikanawa kidole tena na tena. Kitu kilichobabua matumbo ya mbuzi wa watu kilikuwa ndani ya nyumba yangu, kimefichwa. Nilirudisha kumbi na kifuu kama vilivyokuwa. Usiku nilimsikiliza akikoroma, nikajiuliza kama mtu wa namna hiyo anaweza kukoroma.

Wakati ule ule nilikuwa na hesabu nyingine kichwani isiyoingiliana na ile. Kulikuwa na mkata kuni aliyekuwa na punda mmoja, naye punda akafa kwa povu na midomo iliyobabuka, sawasawa na mbuzi. Hakuna aliyemtaja kisimani. Punda hachinjwi, haliwi, hana cha kumpa mchinjaji. Akaburutwa hadi vichakani, ikawa basi. Kadhalika bata wa bibi mmoja wa ng'ambo ya pili ya bonde. Watu walihesabu wale tu waliopitiwa na kisu cha mume wangu, na kweli, ukihesabu hivyo, kila aliyekufa mume wangu alikuwapo. Lakini kama yeye ndiye, punda alimfaa nini?

Tena kulikuwa na vyura. Bonde hilo lilikuwa chini ya mtaa wetu, nalo lilikuwa na dimbwi ambalo halikauki upesi, na kila mwaka vyura wake walitunyima usingizi. Mwaka ule manyunyu machache yalipita, nikalala vizuri. Ilinichukua muda kutambua kwamba nilichokuwa nakifurahia ni ukimya wao.

Basi ikaja habari ya Halbadiri. Wenye mbuzi walikutana kwa jumbe, mkuu wa mtaa wetu, wakakubaliana kwamba Ijumaa baada ya sala kitasomwa kisomo hicho: mwenye kosa asiyejulikana husomewa, na balaa humkuta yeye mwenyewe, akavimba, akapofuka, au akafa. Kila nyumba ichange ubani. Aliyekuja kutuletea habari alisimama mlangoni bila kuingia, na alipokwisha kusema akangoja aone uso wa mume wangu.

"Tungoje kidogo," alisema mume wangu. "Mambo ya Halbadiri si ya haraka."

"Unaogopa?"

"Nasema tungoje."

Mtu yule aliondoka na maneno hayo kama aliyepewa zawadi. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa nayo.

Nilikuwa na siku chache kabla ya Ijumaa. Nilitaka kujua mwenyewe kabla watu hawajaniambia. Siku ya pili, baada ya alasiri, mume wangu alichukua ule mtungi mdogo, akaufunika kwa kanzu kuukuu, akatoka. Nilijitanda ukaya nikamfuata kwa mbali.

Hakwenda kwenye mabanda ya mbuzi. Alipanda njia ya nyuma ya mji, upande zinapoingia njia za bara, mpaka kwenye kiwanda cha sandarusi. Kiwanda hicho kilikuwa kipya. Tajiri mmoja aliyehamia kutoka Unguja alikuwa amekifungua miezi michache kabla. Sandarusi, ile gundi ngumu inayochimbwa Uzaramo, hutoka ardhini imevaa ganda la udongo mwekundu, na zamani ilipelekwa Unguja hivyo hivyo kuoshwa huko. Tajiri huyu aliona aioshe hapa hapa. Nilikuwa nimesikia moshi wake, maana upepo ulipogeuka ulituingia machoni, na kuku wa nyumba zilizo karibu nacho walikuwa wanatembea wamefumba jicho moja. Lakini ndani sikuwahi kuona.

Ua wake ulikuwa wa makuti, na makuti yana matundu. Niliona vyungu vikubwa vya chuma juu ya moto. Watumwa wa tajiri, wamejifunga vitambaa puani, walikuwa wanatia magadi na chokaa katika maji yanayochemka. Sandarusi ikatumbukizwa humo, ikakorogwa, ikatolewa safi, imechomoza vipele vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Mikono ya wanawake walioisugua ilikuwa myeupe, na vidole vingine havikuwa na kucha. Maji yaliyokwisha kazi yalimwagwa mferejini. Mume wangu alikuwa amesimama kando na mnyapara wa kiwanda, wanacheka, na mnyapara akamchotea mtungi wake kutoka chunguni.

Sikumfuata mume wangu kurudi. Nilifuata mfereji. Uliteremka nyuma ya ua, ukapita katikati ya mikorosho, ukaingia bondeni kwetu, kwenye dimbwi la vyura.

Dimbwi lilikuwa limepungua kwa ukame. Pembeni, maji yalipokuwa yamekauka, palibaki ukoko mweupe. Na mbuzi wa jirani yangu, kundi zima, walikuwa wamepiga magoti wanaulamba.

Aliyekuwa nao alikuwa mchungaji wake, mtu mzima wa Kikwere, amekaa kwenye jiwe anasuka kamba. Alipoona natazama alitabasamu.

"Unaona wanavyopenda? Zamani bibi alinunua chumvi ya kuwalambisha. Sasa Mungu ameleta ya bure."

"Nani alikwambia uwalete hapa?"

"Bibi mwenyewe. Wote wanaleta hapa. Chumvi hunenepesha."

"Hukuona wanakufa?"

Mchungaji aliacha kusuka. "Wanakufa nyumbani," alisema. "Hapa hajafa hata mmoja."

Ndivyo ilivyokuwa. Mbuzi alilamba jioni baada ya jioni, akarudi kwao, na siku aliyozidiwa akafia mlangoni kwa mwenyewe, na aliyeonekana karibu naye ni mchinjaji. Kila mtu mwenye mbuzi pwani yetu anajua kwamba mbuzi akipata magadi na chumvi hushiba vizuri na hung'ara manyoya. Kwa ujuzi huo ndio walikuwa wanawapeleka.

Nilitia kidole majini. Yaliteleza.

Nyumbani nilimkuta mume wangu akipangusa ngozi. Nilimwekea mtungi wake mbele.

"Kumbe ulinifuata," alisema.

"Nilikufuata. Hiki ndicho kinachoua mbuzi wa watu."

Aliusogeza mtungi kando.

"Ulijua?" nilimwuliza.

"Nilijua maji haya yanatoa manyoya. Mnyapara alinionyesha, akaniambia nisitangaze, asije akaombwa na kila mtu. Sikujua kuwa mbuzi wanayanywa."

"Uliyaona matumbo."

"Wewe uliyaona matumbo. Mimi sikutaka kuyaona."

Nilimwamini. Karibu yote nilimwamini.

"Basi kwa nini unaogopa Halbadiri," nikamwuliza, "kama si wewe?"

Hapo ndipo aliponiambia. Beberu wa jirani, siku ya wageni wa Pangani, mume wangu hakuwa na hakika kama alimkuta hai. Alipofika, mnyama alikuwa amelala upande. Aliweka mkono kifuani mwake, akadhani amesikia kitu, akadhani hakusikia. Jirani alikuwa anapiga kelele kwamba yu hai. Alikata. Damu ilitoka, lakini ilitoka pole, haikuruka, na mguu haukupiga.

"Haukupiga kabisa?"

"Ulitikisika. Au niliutikisa mimi kwa goti langu. Sijui. Watu wamekula, mtaa mzima umekula. Kisomo kikisomwa kwa mwenye kosa, mimi nitajuaje kosa lipi litajibiwa?"

Niliona nani mwingine asingependa jambo hilo lijulikane, na nani alikuwa na kelele kuliko wote. Sikulisema.

Asubuhi nilikwenda kwa jirani. Nilimweleza dimbwi, mfereji, ukoko, na punda wa mkata kuni. Alinisikiliza akichambua mchele, bila kuinua macho.

"Umekwisha?"

"Nimekwisha."

"Mumeo amekutuma vizuri."

"Sikutumwa. Njoo tukatazame wote."

"Nikatazame maji? Maji ya tajiri yanafanya nini na mbuzi wangu? Mimi nitakuonyesha la kutazama. Tangu leo mbuzi wangu hawatoki. Nitawafungia uani, niwakatie majani, niwape maji ya kisima kwa mkono wangu. Nione mumeo atawafikia kwa mlango gani."

Akafanya hivyo. Na kwa kuwa alifanya hivyo, mbuzi wake hawakufa. Wengine wakamwiga, wakafungia mbuzi wao, nao hawakufa. Kila mbuzi aliyebaki hai alikuwa shahidi dhidi ya mume wangu. Nilikuwa nimesema wasiende dimbwini, na hawakwenda, na hilo lilithibitisha kwamba mchinjaji amezuiwa.

Nilikwenda kwa jumbe pia, pamoja na mume wangu. Jumbe alitupokea vizuri, akatupa kahawa. Nilipotaja kiwanda alitazama kilemba chake kipya, cha hariri kutoka Unguja, kilichokuwa kimetundikwa ukutani.

"Mnyapara wa pale namfahamu," alisema. "Nitamwuliza."

Alimwuliza, na mnyapara akajibu kwamba ni maji ya kuoshea tu, na kwamba mchinjaji mwenyewe huja kuyachota kila mara, hivyo kama ni sumu na aulizwe yeye anayapeleka wapi. Jibu hilo lilifika mtaani kabla hatujafika nyumbani.

Alhamisi mume wangu alikwenda kwa mwalimu wa msikitini, peke yake, akamweleza shaka yake ya beberu. Mwalimu alimwuliza kuhusu damu na mguu, kama nilivyomwuliza mimi. Hakumhukumu. Alimwambia tu kwamba mkono ulioingiwa na shaka upumzike mpaka shaka iondoke. Mume wangu alirudi, akakipaka kisu chake mafuta, akakifunga kwa kitambaa, akakiweka juu darini.

"Mpaka lini?" nilimwuliza.

"Mpaka nijue."

Nilimwambia angoje Ijumaa ipite. Hakusikia.

Ijumaa baada ya sala watu walijaa mbele ya nyumba ya jumbe, wanaume kwenye mikeka, sisi wanawake nyuma ya pazia la kanga lililotundikwa kwenye mlango wa uani. Ubani ulikuwa tayari. Kisha akaja tajiri wa sandarusi mwenyewe, ambaye hatukumtazamia, na nyuma yake watu wawili wanavuta fahali. Alisalimia kwa heshima nyingi. Alisema amehuzunika kwa hasara za majirani zake. Alisema ukame umezidi, na yeye aonavyo, watu wakiwa na dhiki hawafai kusomeana mabaya. Ingefaa zaidi isomwe dua ya mvua, na fahali huyu awe sadaka, watu wapate kula, na wenye kinyongo wasameheane.

Watu waliguna kwa kuridhika. Mimi nilimtazama kupitia pazia. Mtu asiyekuwa na mbuzi hata mmoja, asiyeshukiwa na yeyote kati ya waliokutana pale, alikuja na fahali ili Halbadiri isisomwe. Hakuna aliyeona ajabu ila mimi. Au waliona, wakamtazama fahali.

Jumbe akasimama. "Basi mchinjaji wetu yuko wapi? Na atuchinjie, tuondoe maneno."

Nadhani alikusudia wema. Watu wakageuka wote kwa pamoja. Mume wangu alikuwa amekaa mwisho wa mkeka.

"Mimi sichinji," alisema.

"Leo hutaki?"

"Nimeacha. Nina shaka na mkono wangu."

Nilisikia fahali akivuta pumzi. Karibu nami, nyuma ya pazia, jirani yangu alipaza sauti ifike kwa wanaume.

"Shaka ya nini? Semeni naye aseme! Shaka ya nini?"

Mume wangu aliijua sauti ile. Aliinua uso kuelekea kwenye pazia. Neno moja juu ya beberu lingemtosha. Angeeleweka na kila mtu, na kila mtu angetapika. Wageni wa Pangani wangesikia. Jirani angekuwa mwanamke aliyelisha mtaa mzima mzoga. Nilimshika mkono jirani, naye akaufumbata wangu asiuachie, na hapo nikajua kwamba alijua.

"Shaka ni yangu," alisema mume wangu, akaketi.

Mtu mwingine alimchinja fahali, vibaya, kwa kisu butu. Watu wakala. Hakuna aliyekuja kukaa karibu na mume wangu, ila mwalimu.

Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya. Tajiri aliwapa mbuzi wapya wale waliopoteza, kwa sadaka, na wakamwombea heri. Jambo moja zaidi alilifanya bila kutangaza: aliwatuma watumwa wake wakaziba ule mfereji na kuchimba mwingine, unaopita upande wa pili, kuelekea mkono wa bahari kwenye mikoko. Nilikwenda kuuona. Haukuwa mfereji wa mtu asiyekuwa na wasiwasi. Waliufunika kwa matawi urefu wote.

Mvua ilikuja. Bonde likafurika, ukoko ukayeyuka, mbuzi wakafunguliwa, na wakanywa dimbwini bila kudhurika. Mwaka uliofuata nilisikia chura mmoja, kisha wawili. Na kwa kuwa mbuzi waliacha kufa wakati ule ule mume wangu alipoacha kisu, mtaa haukuhitaji ushahidi mwingine. Hawakumpiga wala hawakumfukuza. Walimsalimia. Lakini alipopita karibu na banda mtu alitoka akasimama mlangoni mpaka apite. Alishika kazi ya kushona makubadhi, na ngozi zake alizifukia tena kwenye majivu kama zamani. Kisu hakukiteremsha tena mpaka alipofariki, nami ndiye niliyekiteremsha.

Mimi na jirani yangu hatukugombana. Tuliazimana moto na chumvi. Habari ya maji hatukuitaja hata siku moja, mpaka siku ile tulipokutana mikokoni.

Ilikuwa maji kupwa. Mimi nilikwenda kuokota kuni, naye alikuwa ameinama mbali kidogo, anachokoa chaza, kapu lake limejaa. Niliona kaa. Kwa kawaida maji yakipwa kaa huteremka matopeni kutafuta chakula, na ukipiga hatua wote hukimbilia mashimoni. Siku ile walikuwa wamepanda juu ya mashina ya mikoko, wakubwa kwa wadogo, wamebanana kama kunguni kwenye kitanda, na hawakuteremka. Nilipita chini yao. Nilipiga shina kwa fimbo. Walisogea juu zaidi. Matope chini hayakuwa na alama hata moja ya miguu yao, na kwenye mizizi palikuwa na mstari mweupe.

Niliinama nikatia kidole katika maji yaliyobaki, nikayasugua.

"Unaona nini?" jirani aliniita.

"Njoo uguse."

Aliniangalia, akawaangalia kaa. Hakuja. Alifunga kanga yake, akajitwika kapu, akashika njia ya kurudi mjini bila kuniaga. Nilisimama nikamtazama mpaka alipofika pale njia inapopanda mchanga. Hapo alisimama, akageuka kuona kama kuna mtu. Nadhani mikoko ilinificha. Akalishusha kapu, akamwaga chaza zote vichakani, akalikung'uta, akaenda nalo tupu.